Chai ya Baba Isiyo na Sukari

Mwaka huu baridi ilipoanza nilimtembelea baba Masasi. Mama mdogo, yaani mke wake, akatuwekea chai ya mchaichai barazani. Siku hizi magoti yanamsumbua, kwa hiyo badala ya kuikoroga chai jikoni na kuileta vikombeni kama alivyozoea, alileta kila kitu nje: chupa ya chai, vikombe, kopo la sukari, akakaa kwenye kigoda na kutuhudumia hapo hapo. Kwa kikombe cha baba hakuuliza. Alitia kijiko cha sukari, akatia kingine, akaongeza kingine kilichojaa hadi kumwagika, akakoroga, akamsogezea. Baba akaonja, akafumba macho kidogo kwa raha, akaendelea na habari zake za mikorosho iliyopulizwa dawa ya salfa na ile ambayo wenyewe wamezembea.

Mimi nilikuwa nimekikodolea macho kile kijiko mpaka nikapoteza mazungumzo.

"Baba," nikamkatiza, "tangu lini unakunywa chai na sukari?"

Akacheka. "Tangu nizaliwe. Kwani yupo mtu anayekunywa chai bila sukari akiwa na akili zake?"

Nikasingizia simu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikasimama karibu na pipa la maji nikiwa nimeshika simu isiyolia. Uso ulikuwa unaniwaka. Mimi ni mtu mzima, nina watoto wanaonibishia, kazini naitwa mama na watu wenye ndevu, lakini pale nyuma ya nyumba niliona aibu kiasi cha kutamani ardhi ipasuke. Nilikaa huko mpaka mama mdogo akaniita kwamba chai inapoa.

Tulipokuwa wadogo, baba yetu hakuwa mtu wa sukari. Ndivyo mimi na mdogo wangu tulivyojua. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, tukikaa kwenye nyumba za walimu nje kidogo ya mji wa Masasi, na asubuhi mama alipofika kwenye kikombe chake na kijiko mkononi, baba alikifunika kwa kiganja. "Mimi sukari siitaki," alisema. "Inaua ladha ya majani. Wape watoto." Mama alimtazama kidogo, kisha kijiko kikaja kwetu. Nilijisifia jambo hilo shuleni. Wenzangu walikuwa na baba wenye baiskeli mpya au redio kubwa, mimi nilikuwa na baba anayekunywa chai chungu bila kukunja uso. Niliwahi hata kujaribu kumwiga, nikaitema kwenye mchanga.

Kila likizo ya mwezi wa sita mama alitupandisha Newala kwa bibi, mama yake. Mwaka ninaousimulia tulipanda kama kawaida, ila mama alibeba masufuria, mkeka wa ukumbini na cherehani yake, na mimi nilichoshangaa ni jinsi utingo alivyogombana naye kuhusu cherehani. Sikujiuliza mtu anakwendaje likizo na masufuria. Ukweli, ambao watu wazima wote waliujua, ni kwamba baba alikuwa amemwambia mama anataka kuoa mke wa pili, binti wa kijiji cha Nanganga, na mama akamjibu kwamba nyumba ile ni ndogo, atampisha. Sisi watoto tuliambiwa tunakwenda kumsalimia bibi.

Watu wa Masasi hawaamini baridi ya Newala mpaka iwapate. Asubuhi ukungu unaingia ndani ya nyumba bila kubisha hodi, nguo zilizolala kambani zinaamka zimeloa, na upepo ukitoka mashambani unakuja na harufu ya salfa wanayopulizia mikorosho. Mimi niliipenda, maana baridi ndiyo iliyonipa cheo. Bibi alisema mikono yangu imetulia, basi kazi ya kugawa chai ikawa yangu.

Na kwa bibi chai haikuwa jambo la mchezo. Maji kule juu yalikuwa ya taabu, na ya chai yalichotwa kwenye tangi la mvua lililokuwa na kufuli, ufunguo ukiwa umefungwa kwenye pindo la khanga ya bibi. Kulikuwa na chupa mbili, zikikaa juu ya meza ndogo kwenye ujia wa kuingilia sebuleni. Nyekundu ilikuwa ya watu wote, imetiwa sukari tayari. Ya bluu ilikuwa ya bibi, haina sukari hata chembe, kwa sababu hospitali walikuwa wamemkataza. Mimi nilikuwa nasalimia wageni, natoa shikamoo kwa mmoja mmoja, narudi kwenye ujia, namimina, napeleka sinia, napiga goti. Nilijipa na kazi ya ziada ambayo hakuna aliyenituma: kukumbuka kila mtu anavyopenda chai yake, nisimwulize mara ya pili. Huyu ijae, huyu nusu, huyu ipoe kwanza. Mjomba, kaka mkubwa wa mama, ndiye aliyekuwa na sauti katika nyumba ile, naye aliniita Waziri wa Chai. Kichwa kilinivimba, sitaki kudanganya.

Kulikuwa na jambo moja tu kuhusu chai ya pale ambalo waziri hakulijua. Katika ukoo wa bibi, mwanamke anapoposwa, au akiwa amerudi kwao na mumewe amekuja na wazee kumwomba arudi, mwenyewe hasimami mbele ya watu kusema ndiyo au hapana. Anapika chai. Ikija na sukari, amekubali. Ikija kavu, yaani bila sukari, amekataa, na mwanamume anatakiwa ainywe, ashukuru, aondoke. Haulizi wala habishani, na inapelekwa na mtoto wa nyumba ile ili asipatikane wa kugombana naye. Sijui kama ni desturi ya Wamakonde wengine au ni ya kwetu tu. Ninachojua ni kwamba baba aliifahamu vizuri, kwa sababu siku ya posa yake alikaa kwenye sebule ile ile akanyweshwa chai tamu.

Likizo ilikuwa inakaribia kwisha baba alipokuja. Alikuja na mzee mmoja wa kwao Chiwata, baba yake mdogo, ambaye sisi tulimwita babu. Nilimwona baba akitokea kwenye ukungu amevaa koti lake la shule, nikamkimbilia, akaninyanyua ingawa nilikuwa mkubwa wa kunyanyuliwa. Alikuwa amekuja kusema kwamba habari ya Nanganga ameiacha, na kumwomba mama arudi nyumbani.

Jikoni, kibanda cha nje nyuma ya nyumba, mama alikuwa amevaa khanga mpya. Nilimkuta anatia sukari kwenye chupa nyekundu, anatikisa, anaonja kwenye kiganja, anaongeza. Nyuma ya mlango mzigo ulikuwa umeshafungwa, na cherehani imefunikwa kwa shuka. Bibi alikuwa amekaa karibu na moto.

"Umeamua?" bibi akamwuliza.

"Nimeamua, mama."

"Basi mpe mtoto."

Mama akanikabidhi chupa kwa mikono miwili, akanitengeneza kola ya gauni. "Nenda kawape chai wageni," akasema. "Taratibu, usimwage."

Nikafika kwenye ujia, nikaweka chupa nyekundu mezani karibu na ile ya bluu ya bibi, nikapanga vikombe. Nikammiminia mjomba. Nikammiminia babu wa Chiwata. Nilipofika kwenye kikombe cha baba nikasita. Baba yangu amesafiri kutoka Masasi na baridi yote hii, halafu nimpe chai asiyoipenda, mimi ninayekumbuka hata nusu kikombe cha jirani? Aibu iliyoje kwa waziri. Nikairudisha chini nyekundu, nikachukua ya bluu, nikammiminia baba kikombe cha maua, kizuri kuliko vyote, kikajaa mpaka ukingoni. Nakumbuka nilivyofurahi. Nilijiona mimi ndiye mtu pekee katika nyumba ile anayemjua baba.

Nikaingia na sinia, nikapiga goti. Babu wa Chiwata akaonja kwanza. Akatabasamu mpaka mapengo yakaonekana, akasema, "Alhamdulillahi, chai hiyo," akamgeukia baba kwa furaha. Mjomba naye akatabasamu. Baba akapeleka kikombe mdomoni, akapiga funda moja, akasimamisha kikombe hewani.

"Zuhura," akaniambia polepole, "hiki kikombe ni changu?"

"Ni chako, baba. Chako peke yako."

"Na chai ametengeneza mama yako?"

"Ndiyo, ametengeneza mama."

Sikudanganya. Chupa zote mbili alizitengeneza mama. Nilikuwa nacheka meno yote nje nikisubiri aniambie ahsante, wewe ndiye unayenijua.

Baba aliinywa yote. Aliinywa bila kupumzika ingawa ilikuwa ya moto, na alipokishusha kikombe macho yake yalikuwa na maji. Nikadhani ameungua. Akanirudishia kikombe mkononi, akanishika kichwa. "Ahsante, mama. Mwambie mama yako nimeshukuru." Kisha akasimama.

"Wazee, tuondoke. Basi litatuacha."

"Mwalimu!" babu akashangaa, kikombe chake bado nusu. "Ndiyo kwanza tumekaa."

"Tuondoke, baba mdogo."

Tabasamu lilikuwa limemtoka mjomba na mahali pake pameingia kitu kingine. Aliwasindikiza hadi mlangoni tu, na kwetu mgeni anayesindikizwa mlangoni tu amefukuzwa.

Nilirudi jikoni na sinia. Mama alikuwa amesimama, ameshika fundo la mzigo.

"Wamekunywa?"

"Wamekunywa."

"Na baba yako?"

"Amekunywa yote, mama. Amesema ameshukuru. Wamekwenda kuwahi basi."

Alinitazama kama vile nimezungumza lugha ya mbali. Halafu akakaa chini, akafungua lile fundo, akaanza kutoa nguo moja moja na kuziweka magotini. Bibi alisema neno kwa Kimakonde ambalo sikulisikia vizuri. Mama akatoa nguo nyingine. Baadaye akaniambia nenda kaoshe vikombe, nikaenda, nikamwaga maji ya tangi ovyo kwa wasiwasi, na hakuna aliyenigombeza. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yameharibika.

Habari ya chupa ya bluu sikuificha. Hakuna aliyeniuliza, na kwangu haikuwa habari. Kilichonitesa ni ile chai ya moto. Niliamini kwamba nimemuunguza baba, akakasirika, akatuacha Newala. Talaka ilipokuja, mjomba aliipokea akisema yule mwalimu ametudharau, amekunywa ndiyo ya dada yangu akajifuta mdomo. Huko Chiwata nako, nilisikia baadaye, baba aliwaambia wazee kwamba ameghairi mwenyewe, mama asilaumiwe. Akaoa Nanganga. Sisi tukaandikishwa shule Newala, na likizo zikageuka, tukawa tunashuka Masasi badala ya kupanda. Mama mdogo alitupokea vizuri, hilo lazima niliseme. Na kila alipotoa chai ya baba jikoni, mimi niliidaka njiani nikaipuliza kwanza. Nilifanya hivyo mpaka nikavunja ungo, na baba alikuwa akicheka akisema mtoto huyu anadhani mimi ni kichanga.

Nilikuja kuijua desturi yenyewe siku ya posa yangu. Mke wa mjomba aliniletea kopo la sukari jikoni kwa bibi, akaniwekea mbele. "Haya, bibi harusi. Utatia au hutatia? Hapo ndipo penye jibu lako." Nikadhani ananitania. Akanieleza yote, mpaka sehemu ya mwanamume kunywa na kushukuru. Mkono wangu ulikuwa umeshachota sukari, nikairudisha koponi. Akafikiri nimemkataa mchumba, akapiga kelele. Ilibidi nitie haraka haraka kumtuliza, na mume wangu mpaka leo anasema hajapata kunywa chai tamu kama ile.

Mwaka ule sikumwambia mtu. Nilijitafutia pa kujishikia: baba hapendi sukari, basi alipoonja ile chai alijua moja kwa moja kwamba binti yake amemkumbuka, ametenga chai yake. Aliondoka kwa sababu nyingine, za kikubwa. Niliishikilia hiyo miaka yote, nikalea nayo watoto. Hiyo ndiyo mama mdogo aliyokuja kuivunja barazani kwa kijiko, akidhani anamtengenezea mumewe chai.

Kutoka Masasi sikurudi kwangu. Nilipanda Newala. Mama ndiye anayekaa kwenye nyumba ya bibi sasa, na amerithi mpaka tabia ya kufunga ufunguo kwenye pindo, ingawa tangi lenyewe lina ufa na bomba lipo nje. Ukungu ulikuwa umeshuka. Akanikalisha karibu na moto, akanipa chai.

"Baba yako hajambo?"

"Hajambo."

"Bado anajinyima sukari?"

Nikakiweka kikombe chini.

"Maana yule," mama akaendelea, anachochea kuni, "alikuwa anaipenda sukari kuliko ninyi. Mkishalala alikuwa anailamba kiganjani. Ila ikipungua kopo, atasema siitaki, inaua ladha. Anawaachia ninyi. Mimi namwangalia tu."

Ndipo nikamweleza. Nilimweleza nikiwa natazama chini, kuanzia kikombe cha maua hadi chupa ya bluu, na sauti yangu ilikuwa ya yule mtoto wa kigauni, siyo yangu. Nilipomaliza, mama alikuwa ameacha kuchochea. Nilitamani anitukane. Nilitamani achukue ukuni ule anipige nao, nilie, yaishe.

"Siku ile ulisema amekunywa yote," akasema.

"Alikunywa yote, mama."

"Kavu."

"Kavu. Na ilikuwa ya moto."

Akajifuta uso kwa pindo la khanga, lile lenye ufunguo. "Na mimi nimekaa hapa miaka yote nikimlaani," akasema, "kwamba nilimwambia ndiyo mbele ya kaka yangu, akaniacha na mzigo umefungwa." Mimi nikaanza kusema samahani, akanizuia kwa mkono. "Ulikuwa mtoto. Ulimpa baba yako ulichojua anakipenda. Sasa nitakupiga kwa lipi?"

Afadhali angenipiga.

Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye basi, akaning'inia dirishani kama anayetaka kuniagiza dawa. "Ukifika Masasi," akasema, "mwambie baba yako ile nyekundu ndiyo iliyokuwa yake. Hayo tu. Usiongeze neno."

Nimefika Masasi tangu siku ile, na siyo mara moja. Mama mdogo hutoka na chupa yake taratibu akiyalalamikia magoti, ananiulizia wajukuu, ananiwekea mto mgongoni. Nitalisema vipi mbele yake? Na akiingia ndani kufuata maandazi, tukabaki wawili mimi na baba, nafungua mdomo, kisha nauliza habari za mikorosho. Mara ya pili nimepewa cha kumpelekea baba kutoka kwa mama, na mara ya pili hakijamfikia.

Juzi lilikuwa limebaki vumbi tu la sukari kwenye kopo. Baba akachungulia ndani, akalisogeza upande wangu, akakifunika kikombe chake kwa kiganja.

"Tia wewe, mama," akasema. "Mimi leo siitaki."